Fundo la Nane

Sili mayai ya kuchemsha. Wanangu wamekua wakidhani yananidhuru mwilini, na mkwe wangu mmoja, Mungu ambariki, huniwekea chapati pembeni kila wanaponialika kifungua kinywa. Hayanidhuru. Yananitia kinyaa, na kinyaa hicho kilinianza katika mwaka mmoja wa ujana wangu, nilipokuwa karani wa safari kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha mgodi, upande wa Geita, kazi yangu ikiwa kupima kwa uzi umbali wa kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Mwezi uliopita tuliitwa Shinyanga mjini, sisi tuliowahi kufanya kazi kwenye kile kiwanja, tukampongeze Mzee Elikana kwa kutimiza miaka themanini. Nilifika ukumbini saa sita mchana, nikaonyeshwa meza ya mbele, na kitu cha kwanza kukiona ni yeye mwenyewe, amekonda, suti inamning'inia, anamenya yai. Alilimenya lote kwa kidole gumba, akalitazama, akalitia kinywani zima. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba na kiini kikiwa kwenye meno.

Nyuma ya meza kuu walikuwa wametundika ramani. Niliitambua kabla sijavaa miwani, kwa lile doa lake la mafuta lililofunika Tabora. Mshereheshaji, kijana mwenye viatu vilivyochongoka, akainua simu yake juu. "Wazee wangu, leo ukitaka kujua kutoka Mwanza hadi Dodoma kwa ndege ni kilomita ngapi, unaandika majina mawili tu humu, hujameza mate jibu limekuja. Lakini baba yetu huyu aliipima Tanzania nzima kwa uzi wa sweta!" Ukumbi ukapiga makofi na vigelegele. Mzee Elikana akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, akachukua yai la pili. Mimi nilikuwa nimekuja kula wali wangu, kumpa mzee mkono na kuwahi gari la kurudi Samuye, ambako nimefundisha jiografia mpaka nikastaafu. Makofi yale ndiyo yaliyoniharibia siku.

Ofisi yetu ilikuwa kontena. Mtu alikuwa amelikata madirisha mawili kwa msumeno wa chuma na hakujisumbua kulainisha kingo, kwa hiyo kila karani aliyepita pale aliondoka na kovu la kiwiko. Langu ninalo hadi leo. Jua likipanda, bati lilialika, na hewa ya ndani ikawa ya jasho, karatasi na vitunguu. Ubao mwembamba uligawanya kontena mara mbili: upande huu mimi na Bwana Elikana, upande ule meneja wa huduma na redio ya mawasiliano. Kila kilichosemwa upande ule kilitufikia na mikwaruzo yake yote. Ramani ilishika ukuta wetu kutoka sakafuni hadi darini, imefunikwa plastiki, na kila uwanja wa ndege ulikuwa na msumari mdogo. Bwana Elikana alikula amesimama mbele ya hiyo ramani, mayai mawili asubuhi na mawili saa saba, huku akionyesha miji kwa kidole chenye mafuta. Kiini kiliganda juu ya Ziwa Viktoria. Maganda yaliangukia pale chini, penye mpaka wa Zambia. Kazi yangu ya kwanza kila siku, kabla hata sijafungua daftari, ilikuwa kuifuta nchi yangu kwa kitambaa kibichi.

Alikuwa mtu wa Mwadui, amezaliwa na kulelewa kwenye nyumba za kampuni ya almasi, ambako filimbi ililia na watu wakaamka, ikalia tena wakala. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba kampuni ni mzazi, na mtoto mwenye adabu hamuulizi mzazi mahesabu. Sitasema alikuwa mtu mbaya, ingawa ingenirahisishia. Alinipokea nikiwa na miaka ishirini na mmoja, cheti cha kidato cha nne kwenye mfuko wa plastiki, akaniita binti yangu na hakuwahi hata siku moja kunitazama vibaya, jambo ambalo wasichana wengine pale mgodini hawakuweza kulisema juu ya wakubwa wao. Alikuwa mzee wa kanisa. Msiba ukitokea, yeye ndiye wa kwanza kuleta sukari. Alinifundisha kazi kwa subira, na kazi yenyewe ilikuwa uzi.

Uzi ulikuwa wa sufu, mwekundu, umetoka kwenye kikapu cha mkewe aliyekuwa akifuma sweta za watoto. Ncha moja ilifungwa kwenye msumari wa kiwanja chetu. Bwana Elikana alikuwa ameulaza juu ya rula siku moja, akaufunga fundo kila zinapotimia kilomita hamsini za ramani, la kwanza, la pili, la tatu, mpaka ukafika Mtwara. Ukitaka umbali wa uwanja wowote, unaupeleka uzi kwenye msumari wake, unahesabu mafundo, kinachobaki unapimia rula. Fundo lililokuwa na maana kuliko yote lilikuwa la nane, maana la nane ni kilomita mia nne, na kanuni ya mgodi ilisema hivi: mfanyakazi ambaye uwanja wa kwao uko zaidi ya kilomita mia nne atakwenda likizo kwa ndege ya mgodi, na akifa, mwili wake utarudishwa kwao kwa ndege. Asiyefikisha atakwenda kwa gari, akiwa hai au maiti. "Kwa kipimo cha ramani ya ofisi," kanuni iliongeza. Maneno hayo sita ndiyo yaliyompa Bwana Elikana ufalme.

Wiki ya kwanza nilimuuliza swali la kitoto. Nilimwambia kidato cha pili tulifundishwa kwamba njia iliyopinda, kama mto au reli, unaipima kwa uzi, na iliyonyooka unaipima kwa rula, na ndege haina kona. Akacheka mpaka makombo ya yai yakarukia mkono wangu. "Minza, rula ya sentimita thelathini utaifikishaje Mtwara?" Nikacheka na mimi. Sufu hata sikuifikiria. Mtu yeyote aliyewahi kuvaa sweta anajua sufu inavutika, kumbe unaweza kukijua kitu na kukaa nacho chumba kimoja miezi na miezi bila kukifikiria. Ukiulaza uzi ule taratibu, mafundo yalikaa mahali pake. Ukiuvuta, uzi unarefuka, mafundo yanaachana, na nchi inafupika.

Chakula cha mchana nilikula kwa Mama Sikitu, nje ya geti, kwenye kibanda cha mabati chenye mabenchi mawili. Alikuwa mwanamke wa Mpanda, mwembamba, amenizidi kama miaka kumi, mwenye sauti ya chini iliyowanyamazisha hata wachimbaji walevi. Alipika ugali, dagaa wa kukaanga na kisamvu cha karanga, na siku za Ijumaa, kwa ajili yetu Wasukuma, michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akivichemsha hadi vilainike kisha anavimwagia karanga za kutwanga. Aliosha mikono kabla ya kugusa sahani ya mtu. Ninalitaja hilo kwa sababu nilikuwa natoka kwenye kontena lile, na kukaa mahali penye mtu anayeosha mikono kulikuwa mapumziko. Mumewe, Baba Sikitu, alikuwa fundi wa mashine ya kuchoronga miamba, mtu mpana, mtani, aliyekula kwa mkewe akilalamika mbele ya wateja kwamba chumvi imepungua. Binti yao Sikitu alikuwa na miaka sita, yuko Mpanda kwa bibi yake. Baba Sikitu alikuwa akimtaja kila mlo.

Siku moja ya kiangazi alikuja ofisini na kofia ya kazi mkononi. "Karani, nionyeshe kwetu." Bwana Elikana alikuwa kwenye kiti chake, amesinzia au amejifanya. Nikauchukua uzi, nikaulaza juu ya ramani kwa vidole viwili, taratibu, kama unavyomlaza mtoto, ukapita magharibi ya Tabora ukashuka hadi msumari wa Mpanda. Fundo la nane likaishia juu ya msumari, halikuufikia. Palibaki nafasi ya unene wa penseli. "Mia nne na kitu," nikasema. Baba Sikitu akainama, akaweka kidole chake kinene pale kwenye nafasi, akakiangalia muda mrefu. "Kwa hiyo mimi ni mtu wa ndege?" "Ni mtu wa ndege, kaka." Akatoka nje anaimba. Jioni ile, kwa mkewe, aliwatangazia watu wote kwamba mwezi wa sita anashuka Mpanda kutoka mawinguni, na Sikitu atamwona baba yake anatoka kwenye mlango wa ndege kama waziri. "Utatapika humo," mkewe akamwambia. "Nitatapika kwa heshima," akajibu. Watu walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, nikijiona nimempa mtu zawadi kubwa.

Miezi miwili baadaye nilisikia sauti ya meneja kupitia ubao. Hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka. "Elikana, ndege ni moja na kila mtu anataka kupanda. Nipunguzie safari." Bwana Elikana akajibu, "Zitapungua, mkuu." Akarudi upande wetu, akasimama mbele ya ramani, akamenya yai. Kisha, mdomo ukiwa umejaa, akaniita. "Minza, nimekuwa nikiangalia unavyopima. Unalegeza. Uzi uliolegea unayumba, unaongeza safari ambayo haipo. Uvute." Akaushika yeye mwenyewe, akauvuta kwenye msumari mmoja baada ya mwingine, na mbele ya macho yangu miji ikaanza kutusogelea. Uwanja mmoja uliokuwa nje ya mia nne ukaingia ndani. Mwingine ukafuata. Alipofika Mpanda, fundo la nane liliupita msumari. "Unaona? Mia tatu tisini na tano." Alikuwa anafurahi kabisa, kama fundi aliyepata hitilafu ya mashine. Nadhani siku ile mwenyewe aliamini. Hilo ndilo linalonichefua nikilikumbuka, jinsi ilivyokuwa rahisi kwake kuamini.

Nilikwenda na namba ile chumbani kwangu na daftari la jiografia. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita mia moja na kumi na moja. Kwetu huku karibu na ikweta hata ya longitudo inakaribia hapo hapo. Unatoa latitudo ya uwanja mmoja kwa ya mwingine, unatoa longitudo, unapata pande mbili za pembetatu, unazipiga mraba, unajumlisha, unatafuta kipeo cha pili. Kila mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu anaiweza. Nilipata mia nne na sita. Nikarudia, mia nne na sita. Asubuhi yake nikaiazima rula ya mbao ya stoo, ndefu, nikaiweka ukutani kabla Bwana Elikana hajafika. Mia nne na sita. Nikamuuliza rubani, mtu mpole aliyekuja kuchukua karatasi zake, akatazama mashine yake ya kwenye ndege akaniambia mia nne na sita, akaongeza, "Kwani nani anabisha?" Nilimpelekea Bwana Elikana yote hayo yameandikwa vizuri, kwa kalamu za rangi mbili. Aliyasoma. Alama ya kidole chake ikabaki kwenye karatasi. "Hiyo ni ya rubani, na hiyo ni ya shule," akasema bila hasira. "Kanuni inasema ramani ya ofisi. Binti yangu, barua yako ya kuthibitishwa kazini iko mezani kwa meneja. Usijichanganye na mambo." Nikaichukua karatasi yangu, nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba. Nyumbani walikuwa wanaisubiri barua ile kuliko mimi.

Baba Sikitu alifariki mwezi wa tatu, masika yakiwa yamekolea. Homa ilimshika Jumatatu, Alhamisi asubuhi hayupo. Mama Sikitu aliletwa ofisini kwetu saa nne, ameshikwa na wanawake wawili, khanga kichwani, macho makavu kabisa. Bwana Elikana akasimama, akavua kofia, akaomba sala fupi iliyomtoa machozi yeye mwenyewe. Kisha akampa kiti. Mama Sikitu hakukaa. "Alisema yeye ni mtu wa ndege," akasema. "Mama yake na mtoto wanangoja uwanjani Mpanda. Nimeshawapelekea habari." Barabara ya kusini ya Tabora wakati ule ilikuwa tope, mito imefurika, magari yanalala njiani, hakuna mtu mle ndani asiyelijua hilo. Bwana Elikana akafuta machozi kwa leso, akasema, "Pole sana, mama yangu. Tupime tu kwa utaratibu. Minza."

Nikasimama. Nikaushika uzi kwa vidole viwili, nikaulaza kama nilivyoulaza siku ile ya kiangazi, na uzi ukatulia. Fundo la nane liliishia juu ya msumari. Nafasi ilikuwepo, unene wa penseli, na Mama Sikitu alikuwa amesimama kiasi cha hatua moja kutoka kwangu. Nikageuza uso nikamtazama Bwana Elikana. Hakukunja uso, hakutoa kitisho chochote. Alisema kwa upole, kama anavyomrekebisha mwanafunzi, "Vuta vizuri, Minza."

Nikavuta.

Ningeweza kuandika hapa kwamba niliogopa, au kwamba kichwa kilinizunguka. Haikuwa hivyo. Nilifikiria barua iliyokuwa mezani kwa meneja, niliiona kabisa, na muhuri wake. Uzi ulirefuka mkononi mwangu, nikausikia ukivutika kama mshipa, na fundo likateremka, likaupita msumari, likakaa upande wa pili. "Mia tatu tisini na tano," nikasema. Bwana Elikana akasukuma fomu mbele yangu. Nikajaza jina la marehemu, uwanja wa kuondokea, uwanja wa kufikia, umbali, aina ya usafiri: gari. Nikatia saini. Nakala ya chini, ile ya kaboni, nikampa mjane, kwa sababu utaratibu ulisema apewe. Aliipokea kwa mikono miwili. Akasema asante.

Waliondoka saa saba, jeneza nyuma ya pikapu chini ya turubai, Mama Sikitu na wanaume wanne pembeni yake. Bwana Elikana alisaidia kubeba jeneza, tena kwa bega lake. Gari lilipotokomea alirudi ofisini, akanawa, akafungua kile kikopo chake cha plastiki. Harufu ya mayai yaliyokaa kwenye joto ikajaa kontena. Nilitoka mbio nikatapika nyuma ya mapipa ya mafuta ya ndege, na nilipoinuka nilimsikia akiniulizia kwa sauti ya baba: "Minza, unaumwa? Kanywe soda."

Dereva alirejea baada ya siku saba. Alisimulia uani, gari likiwa limefunguliwa milango yote na kumwagiwa dawa ya kuulia wadudu, sisi tumesimama mbali kwa sababu haikuwezekana kusimama karibu. Walikwama kwenye mto mmoja upande wa pili wa Sikonge. Siku mbili maji yalikuwa juu ya daraja. Mvua ikikatika jua liliwaka, mvua ikirudi turubai lilivuja. Siku ya tatu wale wanaume wanne walijifunga nguo puani, na Mama Sikitu akakataa kujifunga, akakaa palepale alipokaa, mkono juu ya jeneza, akiwafukuza nzi kwa jani la ukindu. "Hakulia hata kidogo," dereva akasema. "Sisi ndio tulilia." Siku ya nne wazee wa kijiji cha karibu walikuja wakasema, kwa heshima, kwamba mtu huyu hawezi tena kuendelea na safari. Wakamzika hapo, kando ya barabara, kati ya watu ambao hawakujua hata jina lake la ukoo. Mpanda, mama yake na mtoto waliendelea kungoja. Dereva alipomaliza, Bwana Elikana alitikisa kichwa akasema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Nilitamani kumpiga. Kisha nikakumbuka mkono uliovuta ulikuwa wa nani.

Barua yangu ya kuthibitishwa ilikuja wiki iliyofuata. Ningependa kusema niliichana. Nilikaa pale miezi mitano zaidi, nikavuta uzi kila nilipoambiwa, nikala kwa mama lishe mwingine, ambaye chakula chake kilikuwa na mchanga. Nilipopata nafasi ya chuo cha ualimu, Bwana Elikana aliniandikia barua nzuri ya kunisifu: mwaminifu, makini kwenye vipimo. Nilisomea jiografia. Wanafunzi wangu wa Samuye walinitania miaka yote kwamba Madamu Minza akiona mtu anapima njia ya ndege kwa uzi, anamchapa. Sikuwachapa. Niliuchukua uzi nikautupa dirishani.

Sasa nirudi ukumbini, maana mshereheshaji alikuwa ameita jina langu. Mzee Elikana alikuwa ametoa bahasha mfukoni, na kwenye bahasha ulikuwemo uzi, umefifia, rangi ya kutu. "Karani wangu bora yuko hapa!" akasema kwenye kipaza sauti. "Minza, njoo uwaonyeshe vijana." Makofi. Nikasimama, nikasogea hadi kwenye ramani. Hapo ndipo nilipogeuka na kumwona, meza ya nyuma kabisa, mwanamke mzee mwembamba mwenye khanga mabegani, na pembeni yake mwanamke mtu mzima mwenye mabega mapana ya baba yake. Baadaye niliambiwa Sikitu ni muuguzi hapo mjini, na kwamba mtu fulani alimwingiza mama yake kwenye kundi letu la simu, "kwa kuwa alikuwa akitupikia". Mama Sikitu alikuwa ameweka kijiko chini. Alikuwa ananitazama mikono.

"Wapi, Mzee?" nikauliza. "Popote, binti yangu, popote!" Nikafunga ncha kwenye msumari wa kiwanja chetu. Nikaulaza uzi kwa vidole viwili, magharibi ya doa la mafuta, hadi Mpanda. Fundo la nane likaishia juu ya msumari. Mzee Elikana akainamisha kichwa mbele, macho yake hayaoni vizuri siku hizi, akatabasamu na kusema kwenye kipaza sauti, ukumbi mzima ukasikia, "Vuta vizuri, Minza."

Sikuvuta. "Ni zaidi ya mia nne, Mzee," nikasema. "Ni mia nne na sita. Ilikuwa mia nne na sita siku ile tuliyompima Baba Sikitu, na mimi na wewe tulijua. Nikauvuta uzi, akaoza njiani." Watu wakaangaliana. Mshereheshaji akacheka kidogo, akaacha. Mzee Elikana alikuwa na yai mkononi, nusu limemenywa. "Ilikuwa ramani ya ofisi," akasema, tena kwa upole uleule. "Mimi nilifuata utaratibu." Niliutupa uzi kwenye sahani ya maganda, nikatembea hadi meza ya nyuma.

"Shikamoo, dada," nikamwambia Mama Sikitu. Hakuitikia mara moja. "Siku ile ulipima mara mbili," akasema. "Nilikuwa nimesimama karibu yako. Mara ya kwanza ilikuwa mtu wa ndege, mara ya pili ilikuwa mtu wa gari. Miaka yote hii nimejiuliza kama ni mimi sikujua kuangalia." Nikamwambia alijua kuangalia. Nikaanza kusema nisamehe. Akainua kiganja. "Sikuja kwa hilo." Akafungua pochi yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imekatika kwenye mikunjo, maandishi ya kaboni yamebaki kama vivuli. "Mama mkwe wangu alinilaumu mpaka anakufa. Alisema nilimtupa mwanawe porini. Kila akisema, mimi nilimwonyesha hii, nikamwambia kwetu ni karibu, ndiyo maana hatukupewa ndege. Mimi mwenyewe nilimtetea aliyeniumiza." Sikitu alikuwa amegeuza uso ukutani.

"Niandikie nyingine," Mama Sikitu akasema. "Uandike ile ya kweli. Nitaipeleka Mpanda, nikaisome kwenye kaburi la mama yake, kisha niende kule njiani nikamsomee na yeye."

Hapakuwa na karatasi ila ratiba ya sherehe, yenye picha ya Mzee Elikana mbele. Nikaigeuza nyuma. Nikaandika jina la marehemu, uwanja wa kuondokea, uwanja wa kufikia, kilomita mia nne na sita, aina ya usafiri: ndege. Nikatia saini. Mama Sikitu akavaa miwani, akaisoma mstari kwa mstari, akaiweka kando ya ile ya zamani, akalinganisha chini.

"Saini ni ileile," akasema, akazikunja zote mbili pamoja. Halafu akaitikia marahaba.